Mwiko wa Dagaa

"Mwiko wa dagaa hautundikwi barazani." Haya, chekeni mmalize. Kwa kuwa mnaandika programu za kompyuta, mnaona habari za mwiko ni za bibi zenu. Methali hii ilizaliwa katika ofisi kama hii hii, na aliyeizaa alikuwa amewaka kwa hasira.

Chanzo chake ni hiki. Tunu Shemweta aliandika programu ya hospitali moja upande wa Korogwe, sehemu ya kukadiria dawa za watoto. Sehemu hiyo ilianza kwa kuuliza: uzito huu ni wa kilo au wa ratili? Maana mizani mingine pale ilikuwa ya kizamani. Zikiwa ratili, inazigeuza kuwa kilo kwanza. Ndipo hesabu fupi, aliyoificha Tunu ndani ya sehemu ile ile, inapotoa kipimo cha dawa. Hesabu yenyewe haikuuliza kitu, kwa sababu sehemu iliyoihifadhi ilishauliza. Ndiyo maana aliifungia humo, isionwe na sehemu nyingine yoyote.

Tunu akaenda msibani kwao Lushoto. Huku nyuma mwenzake Hozza, mtu wa kupenda kupangapanga vitu, akaiona hesabu. Akasema kitu kizuri namna hii kukificha ni uchoyo. Akaitoa, akaiweka wazi, kila sehemu iweze kuiita. Kumpigia Tunu simu, hata! Kisha yeye mwenyewe akaiita kwenye sehemu mpya ya wodi ya wachanga, akaipa uzito kama ulivyotoka kwenye mzani wa ratili, nayo ikazihesabu ratili kama kilo.

Mtoto wa mama mmoja wodini, Bi Nasra, akapewa dawa zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Akalegea mikononi mwa mama yake. Madaktari wakahangaika naye mpaka akafumbua macho, alhamdulillahi.

Tunu aliporudi alikuta ameshahukumiwa. Mkuu wa ofisi, Bwana Mdoe, hakumpa hata pole ya msiba.

"Hesabu ina jina lako, Tunu. Leo hii unaondoka."

"Hesabu yangu haina kosa! Nani kaitoa nilikoiweka?"

"Ni mimi, dada," Hozza akasema. "Nilitaka tufaidi wote."

Tunu akawaka. "Mfaidi nini? Kwetu mwiko wa dagaa unakaa na chungu cha dagaa! Ukiutundika barazani, atatokea mtu aukorogee uji wa mtoto, halafu mje kumlaumu mpishi. Na wewe Hozza umekoroga uji wa mtoto wa watu!"

Hozza akainama. Bwana Mdoe akaifungua programu, akasoma, akaona hesabu ilikotolewa. "Kaa, mama. Kazi ni yako."

Tunu hakukaa. Aliirudisha hesabu ndani kwa mikono yake, kisha akaenda hospitali kumwomba radhi Bi Nasra. Bi Nasra alimfunika mwanawe kanga, akampa Tunu mgongo. Angemweleza nini yule mama, habari za ndani na nje ya programu? Tunu akarudi nyumbani na hasira yake vilevile.

Sasa nyinyi mnaocheka. Mmoja wenu asubuhi hii ametoa hesabu ya mwenzake nje bila kuuliza, akadhani sioni. Airudishe kabla sijamtaja jina. Mwiko wa dagaa hautundikwi barazani.