Bibi Harusi wa Seremala

Gari hupona njiani, si uani.

Mmemsikia mwalimu wenu wa kwaya akiyasema maneno hayo jioni hii, mlipomwambia kwamba wimbo wa Pasaka haujakaa sawa, kwamba sauti ya tatu bado inatetereka, na kwamba ni afadhali mngoje mpaka mwakani ndipo muuimbe mbele ya watu. Mkacheka. Gari na wimbo wapi na wapi? Lakini mmeuliza, na mwenye kuuliza hanyimwi. Sogeeni basi. Maneno hayo yalizaliwa hapahapa Usangi, na asili yake ni seremala mmoja aliyeitwa Zefania Kiangi.

Zefania alikuwa fundi kweli. Mlango aliouchonga yeye uliingia kwenye fremu kama ulimi kinywani. Nayo karakana yake, iliyokuwa uani kwake, ilikuwa na sheria moja: kabati halitoki nje kabla vanishi haijakauka. Mteja angeomba, angenuna, angeleta hata wazee wa kusema naye, kabati lingebaki palepale mpaka Zefania apitishe kiganja na kusema, “Sasa.”

Daktari mmoja wa misheni, aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia gari lake kwa shukrani ya kutengenezewa vitanda vya wagonjwa. Lilikuwa gari la zamani, lenye pua ndefu, limekwisha kulala miaka mingi chini ya mti wa mparachichi. Vijana walilisukuma mpaka uani kwa nyimbo. Siku ile Zefania aliweka mkono juu ya boneti, na moyo ukimdunda kwa furaha akaomba mbele ya watu wote: “Bwana, ukinijalia gari hili litembee, safari yake ya kwanza ni yako.”

Watu wakasema, “Amina.”

Ahadi nzuri. Lakini Zefania aliisoma sana Biblia yake, na alijua kwamba mnyama wa sadaka hakutolewa akiwa kilema wala akiwa na kipele. Akawaza: kama safari ni ya Mungu, basi na gari lisiwe na dosari hata moja. Akaichukua sheria ya makabati akaifunga pamoja na sheria ya sadaka, na fundo hilo likamshinda yeye mwenyewe kulifungua.

Maana gari si kabati. Alipomaliza kuziba kutu ya mlango wa kushoto, wa kulia ulikuwa umetoboka. Alipofumua viti avishone upya, aliona sakafu imeoza. Aliponyanyua sakafu, akaona nyaya zimetafunwa na panya. Kila asubuhi aliamka na shauku ya mtoto wa sikukuu. “Leo, Navoneiwa!” alimwambia mkewe. “Leo naliona linakwisha!” Na jioni alirudi ndani na ugonjwa mpya wa gari mdomoni, anausimulia huku chai ikipoa.

Ugonjwa mmoja ulimtesa kuliko yote. Injini iliwaka vizuri, ikaimba, na Zefania akaimba nayo. Halafu, bila sababu, ilikohoa na kuzima. Akiiacha ipumzike, iliwaka tena kana kwamba haikutokea kitu. Alibadilisha kabureta. Alibadilisha pampu ya mafuta. Alizisafisha plagi mpaka zikang'aa kama vijiko vya wageni. Wapi! Na kazi hiyo yote aliifanya palepale uani, kati ya mbao, msumeno na maranda yaliyorukaruka kila aliposukuma randa.

Jirani yake, Senkondo, ndiye aliyelipa gari jina. Alichungulia juu ya ua akaita, “Ee Zefania! Bibi Harusi ameshapambwa?”

“Bado kidogo, ndugu yangu.”

“Mpambe, mpambe. Bwana harusi atamkuta bikizee.”

Toka siku hiyo Usangi nzima ikaliita gari Bibi Harusi. Kuku mmoja wa Navoneiwa aliona mahali pametulia, akawa anatagia kiti cha nyuma.

Sasa, Zefania alikuwa akiishi na mama yake, Bibi Nakiete, mjane, aliyekuwa na maumivu makali ya nyonga. Kutembea kwake kulikuwa kutoka kitandani hadi barazani. Bibi huyu alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, dada yake Nakijwa, aliyekaa Bomang'ombe. Nakijwa ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamfundisha kusuka ukili wa mikeka na kusali. Hawakuwa wameonana tangu nyonga ilipoharibika. Kila Bibi Nakiete alipomtaja dada yake, Zefania alimjibu, “Mama, gari likiisha tu.”

Asubuhi moja Zefania alikuwa akipiga msasa mlango aliokuwa ameung'oa, simu ikalia. Alikuwa Yoeli, mtoto wa Nakijwa.

“Kaka Zefania, nampeleka mama Tunduru akakae kwangu. Tulikuwa tusafiri wiki ijayo, lakini tumepata nafasi ghafla. Basi ndiyo kwanza linaondoka Bomang'ombe. Litasimama Mwanga kidogo, watu wajinyooshe. Mama anasema, kama mdogo wake anaweza kushuka, wagusane mikono.” Yoeli akashusha sauti, “Kaka, kwa umri ule, kutoka Tunduru kurudi huku tena... unaelewa.”

Zefania alielewa. Alikimbia barabarani. Gari la abiria la kushuka Mwanga lilikuwa limeondoka alfajiri, na lingine ni la mchana. Pikipiki zilikuwapo, lakini mama yake hakuweza kupanda pikipiki. Akarudi uani, jasho linamtoka, akamkuta Bibi Nakiete amesimama barazani, ameegemea fimbo, amekwisha kujifunga kitenge cha kanisani. Navoneiwa alikuwa amempa habari.

“Mwanangu,” akasema Bibi, “washa gari.”

“Mama, halijaisha! Halina mlango upande huo. Halina kiti cha mbele. Halina rangi!”

“Breki je?”

“Breki ni nzima. Breki nimezitengeneza kuliko kitu chochote.”

“Na usukani?”

“Mzima. Lakini mama, linazima njiani—”

“Limewahi kwenda njia gani, hata ujue kwamba linazima njiani?”

Navoneiwa akageuka kando asicheke. Zefania akakunja msasa mkononi. “Mama, nilimwahidi Mungu. Safari ya kwanza ni yake. Nitamtoleaje Mungu kitu chenye dosari?”

Bibi Nakiete akamtazama mwanawe. “Zefania, ulimwahidi Mungu safari, au ulimwahidi rangi?”

“Safari, mama.”

“Basi hiyo rangi ulimwahidi nani?”

Seremala akauacha msasa uanguke.

“Mimi ni mjane,” akasema mama yake. “Nakwenda kuagana na ndugu yangu. Kama safari hiyo si ya Mungu, niambie ya nani, nirudi kitandani.”

Zefania akapiga magoti palepale kwenye maranda. Ombi lake lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kuomba: “Bwana, lipokee lilivyo.” Akainuka mbio.

Wee! Uani palichafuka! Navoneiwa alileta kamba. Benchi moja fupi la kanisa, lililokuwa limeletwa kutengenezwa mguu, likaingizwa ndani ya gari na kufungwa kwenye vyuma vya sakafu. Mahali pa mlango pakawekwa ubao wa mninga, ukafungwa kwa kamba huku na huku. Mama akabebwa akaketishwa benchini, Navoneiwa ubavuni mwake, na Zefania mwisho wa benchi, nyuma ya usukani. Injini iliponguruma, kuku aliruka kutoka nyuma akipiga kelele, akapita juu ya kichwa cha Zefania, na Senkondo akatokea mbio na mswaki mdomoni.

“Jamani! Bibi Harusi anatoka! Anatoka!”

Wanawake wa nyumba za jirani wakapiga vigelegele. Watu wakafungua ua, na lile gari, nusu jekundu la puti ya kuzibia matundu na nusu la kahawia kwa kutu, likatoka uani kwa mara ya kwanza.

Zefania alikuwa amejifunza kuendesha kwenye trekta la ushirika, basi alilishika gari kama trekta, kwa mikono miwili na meno. Upepo uliingia mahali pa mlango. Alisikia kitu kinamjaa kifuani, akatambua kwamba ni kicheko. “Linakwenda!” akapaza sauti. “Mama, linakwenda!”

“Naona! Tazama mbele!”

Walipofika kwenye mpando wa kutokea kijijini, gari likakohoa, likazima.

Zefania akafungua boneti, akagusa kabureta, akagusa plagi. Alipowasha tena, likawaka. Likapanda kidogo, likakohoa, likazima. Mara hii alipiga boneti kwa kiganja, na machozi yalikuwa karibu. Na huko chini, kwenye barabara kuu wasiyoiona bado, basi lilikuwa linakuja.

“Ni ugonjwa uleule wa uani,” akasema. “Nilisema mimi.”

“Uani lilikuwa likizima wakati wowote,” Navoneiwa akajibu. “Hapa mbona linazima likipanda tu? Kwenye tambarare limekwenda vizuri.”

Ilikuwa kweli. Uani gari lilikuwa halipandi wala halishuki, hivyo halikuwa na njia ya kumwonyesha linapoumwa. Likipanda linakunywa mafuta mengi. Likinywa mengi linakabwa. Likisimama linaachiwa.

“Kama ng'ombe mwenye ganda la ndizi kooni,” akasema Bibi Nakiete kutoka benchini. “Ukimpumzisha anameza mate, ukimlisha anakwama. Mwangalie koo, usimwangalie kwato.”

“Koo!” Zefania akapiga kelele. “Tanki! Mke wangu, ndoo!”

Akajitupa chini ya gari na spana. Tanki! Kila kitu alikuwa amebadilisha mbele, na nyuma hakuwa amechungulia hata siku moja, kwa sababu tanki ndicho kitu pekee kilichokuwa kimepona kutu. Akafungua nati ya chini, mafuta yakamiminika ndooni, na mwisho wa mafuta kikatoka kitu laini, kimejikunja kama kipilipili cha nywele. Akakishika, akakigeuza juani.

Lilikuwa randa la mninga, unyoya wa mbao. Moja, na la pili, na la tatu, yametota mafuta. Mninga wake, randa yake, mkono wake. Miaka yote aliyokuwa akiponya gari, uani kwake ndiko kulikokuwa kukilimwagia ugonjwa kila tanki lilipoachwa wazi.

Kulikuwa na wanawake wanapita na mizigo ya migomba. Wakamkuta seremala mzima amekaa vumbini anacheka peke yake, na mkewe anachuja mafuta kwa kitenge kuyarudisha tankini.

“Mama Zefania, mnapika nini?” mmoja akauliza.

“Tunapika safari!” akajibu Bibi.

Gari likawaka. Likapanda mpando ule bila kukohoa, likafika juu, na bonde lote la Mwanga likajifungua chini yao, ziwa likimetameta kwa mbali. Zefania akashuka kona moja baada ya nyingine kwa gia ndogo, breki zinaitika, mama yake anaimba sauti ya pili ya zaburi na Navoneiwa anaimba ya kwanza, na ubao wa mninga unapigapiga kama ngoma.

Walipoingia mjini basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini, utingo ananing'inia mlangoni. Zefania hakutafuta mahali pa kuegesha. Alilipeleka gari lake mbele ya pua ya basi, akalisimamisha hapo. Dereva wa basi akatoa kichwa dirishani.

“We mzee! Hilo ni gari au ni kitanda?”

“Ni gari!” akajibu Zefania, na hakuna neno alilowahi kulisema kwa fahari kubwa zaidi. “Nimemleta mama aagane na dada yake. Nihurumie, baba.”

Dereva akatazama benchi la kanisa, akamtazama bibi aliyeketi juu yake, akazima injini. “Mwacheni aagane,” akamwambia utingo.

Yoeli alikuwa amekwisha kumshusha mama yake. Nakijwa alikuwa haoni vizuri tena. Alikuja akipapasa hewa, mdogo wake, aliyekwisha kushushwa benchini, akamwendea kwa fimbo, na vidole vikakutana kabla ya nyuso. Nakijwa alipitisha mkono kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye mabega ya mdogo wake, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya safari ndefu. Kisha akamgeuzia mgongo, akainama kidogo.

“Panda nikubebe,” akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana wasianguke. Abiria waliochungulia madirishani nao wakacheka, na wengine wakajifuta macho.

Wakasali pamoja pale kando ya lami. Kabla ya kupanda basi, Nakijwa akaunyoosha mkono mpaka ukagusa bodi ya gari, akasikia puti inayokwaruza, kamba, na ubao mahali pa mlango.

“Zefania,” akasema, “mama yako aliniambia kwenye simu kwamba gari lako ni gonjwa. Mbona limefika?”

Seremala akafungua mdomo ajibu, mama yake akamtangulia.

“Dada, gari hupona njiani, si uani.”

Utingo ndiye aliyeyabeba maneno hayo, maana aliyasikia, akayasema Same, akayasema Korogwe, na wiki ile ile yakarudi kwetu mlimani yamekwisha kuwa methali. Nakijwa alizikwa Tunduru mwaka uliofuata. Bibi Nakiete alipoletewa habari alilia, lakini hakulia kilio cha mtu ambaye hakuaga.

Na Zefania hakulifungia gari tena. Lilibeba wagonjwa, wazee wa kanisa na maharusi wa kweli, na kila safari ilimwonyesha kidonda kimoja, naye akakitibu kile kimoja, kesho yake akatoka tena. Senkondo aliacha kuchungulia juu ya ua, kwa sababu alikuwa ndani ya gari, benchini, anaomba lifti.

Basi sauti ya tatu inatetereka. Naam, nami nimeisikia. Iacheni itetereke Jumapili mbele ya watu, na hapo ndipo mtakapojua inakwama wapi. Mmeuliza asili ya methali, nami nimewapa. Mrudieni mwalimu wenu, mkasimame mahali penu, mkijua sasa kwa nini wazee wa Usangi husema: gari hupona njiani, si uani.