Asparagasi za Wageni

Wapendwa, kuna mboga inaitwa asparagasi. Nani ameshaila? Mbona mnatazamana! Ni vijiti vya kijani vinavyochomoza ardhini, vitamu, basi. Sasa kule milimani kulikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Binti yake wa pekee alimpandia tuta zima nyuma ya jiko kabla hajaenda chuo cha uuguzi.

"Baba," akamwambia, "miaka miwili usikate hata kimoja. Viache viwe majani, majani ndiyo yanayolisha mizizi. Nikirudi tutavila pamoja, na vitatulisha miaka mingi."

"Nenda kwa amani, mwanangu. Utavikuta."

Na alivipenda kweli, jamani! Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kuvitazama. Ila mzee alikuwa na lake: mgeni hatoki kwake mikono mitupu. Kaja jirani, mzee huyo na kisu: "Onja mboga ya binti yangu!" Kaja shemeji, kisu. Kaja mchungaji, akafungiwa kifurushi kizima, akaibariki hata mikono iliyokata. Mchungaji gani? Tuendelee na mfano.

Binti akipiga simu, "Baba, tuta linaendeleaje?"

"Linasifiwa na kila mtu, mama!" Wala hakusema uongo.

Binti akarudi. Begi bado mgongoni, moja kwa moja nyuma ya jiko. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Mizizi ilikuwa imesinyaa, myembamba kama uzi. Mzee akasimama nyuma yake, kofia mkononi, moyo unamuuma.

"Mwanangu, sikuuza hata kimoja. Nilikuwa najivunia wewe."

Binti akalia. Kisha akamshika mkono. "Najua, baba. Tutapanda tena. Ila safari hii, wageni wape ndizi."

Mnacheka? Na sisi je? Kijana kabatizwa Pasaka, nani kamfanya mwenyekiti wa vijana kabla ya Pentekoste? Mtoto wako anasoma zake, nani anamwinua kila mgeni akija, "Hebu waimbie"? Na yule binti wa kwaya mwenye sauti nzuri, nani kamwita harusi tatu mwezi huu, na mtihani wake ni kesho? Tunawapenda, sikatai. Lakini kisu tunacho mkononi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandika aimbe leo. Nimemfuta. Amekaa pale nyuma na daftari lake, anasoma. Tafadhali, msigeuke kumtazama.