Njegere Juu ya Jukwaa la Tenki

Wapendwa, zifungeni Biblia kidogo, tutazifungua tena. Nataka kwanza niwapeleke uani kwa bibi mmoja.

Kulikuwa na fundi mwashi, mtu mzima mwenye wajukuu, na mama yake alikuwa bado hai. Alimpenda mama huyo kupita kiasi. Kikongwe alikuwa amechota maji mtoni maisha yake yote, basi fundi akaapa kwamba hatabeba ndoo tena. Akamjengea jukwaa la matofali, kimo cha kiuno, ubavuni mwa chumba anacholala, ili Jumamosi liwekwe tenki la lita elfu mbili.

Fundi alikuwa na pima maji, ile rula nene yenye kichupa cha maji katikati. Kipovu kikitulia kati ya mistari miwili, kazi iko sawa. Aliachiwa na mwalimu wake, marehemu, na jina la mwalimu lilikuwa limechongwa ubavuni. Kwa heshima, siku zote aliiweka jina likimtazama yeye. Kuigeuza jina litazame ng'ambo? Aliona ni kumpa mwalimu mgongo.

Ijumaa asubuhi saruji ikiwa imekauka, mama akaja na njegere zake za mchana. Akasimama kando ya jukwaa akawa anamenya, punje anaziweka pale juu. Zikaanza kuviringika, zote upande mmoja, zikadondoka chini ya dirisha lake.

"Mwanangu," akasema, "mbona njegere zinakwenda kulala chumbani kwangu?"

"Ni upepo, mama."

"Upepo gani? Hata jani la mgomba halitikisiki."

Fundi akacheka, akaweka pima maji. Kipovu kikatulia katikati. "Umeona? Pima maji haikosei. Imejenga hata kanisa!"

"Sijasema inakosea. Igeuze."

Hapo fundi akaumia moyo. "Mama, miaka thelathini najenga nyumba za watu, leo nifundishwe kazi na njegere?"

"Mwalimu wako alinijengea jiko wewe ukiwa bado unalilia uji," mama akasema. "Nilimwona. Kila alipopima aliigeuza, kulia ikawa kushoto, akapima tena. Kisha anaifuta tumboni kwa kitambaa. Wewe jina lake umelitunza, mwanangu. Kazi yake umeiacha."

Nyie mngefanya nini? Mama akishasema hivyo, utabisha? Fundi akaigeuza. Kipovu kikakimbia mpaka mwisho wa kichupa. Akaipindua, na kule chini, upande mmoja, akakuta saruji kavu imegandia, nene kama ukucha wa dole gumba. Haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa yake mwenyewe, ya miaka na miaka, na hakuwahi kuikwangua.

Akatazama jukwaa, akatazama lile dirisha. Akilini akaliona tenki limejaa likiangukia dirisha, na mama yake amelala chumbani. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Mama, ningekuua."

"Hujaniua. Chukua nyundo tubomoe kabla jua halijawa kali. Na hizo njegere uniokotee."

Sasa nawauliza, pima maji ilikosea? Hata kidogo. Kipovu kilisema kweli tupu, ila kilikuwa kimekalia saruji ya fundi. Sisi tunaimba hapa kwamba Neno la Mungu halikosei, na mimi naamini hivyo, nitazikwa nikiamini. Lakini nani alituambia kwamba sisi tunaolisoma hatukosei? Kati ya Neno na ukuta tunaojenga pamegandia hasira zetu, mila za ukoo wetu, ugomvi wa mpaka wa shamba. Tunasoma upande ule ule unaotutazama vizuri, halafu tunapiga kifua, "Biblia imesema!" Na si sisi tu. Nendeni kwa watu wa dini nyingine, ingieni kwa baba mwenye nyumba yake, mtaukuta ugonjwa huo huo. Akija mtu na njegere zake, tunamwambia ni upepo.

Msitazamane. Naanza na mimi mchungaji wenu. Mwaka jana, nikiwa hapa hapa, nilisoma mstari mmoja kwa sauti kubwa, nikafunga Kitabu, na binti mmoja wa kwaya akatoka kwa mlango ule na mimba yake. Mama yake alinifuata, akaniambia, "Mchungaji, soma tena." Nikamjibu kwamba Neno halikosei. Halikukosea, wapendwa. Mstari ule sikuwahi kuugeuza, wala kusoma uliofuata.

Mtoto sasa anatambaa. Leo tukitoka hapa nakwenda nyumbani kwao, kubomoa nilichojenga. Niombeeni wasinifungie mlango.