Pimbi Auliza Maana ya Sita

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba na majiko na kugombana kama sisi, masika yalikaribia na pango kavu lilikuwa moja tu. Bi Pimbi, mdogo kama sungura asiye na mkia, alilitaka kwa ajili ya watoto wake watatu waliozaliwa juzi. Fisi naye alilitaka, ingawa alikuwa na shimo lake.

Mzee Tembo, ambaye Fisi alimsifu kila asubuhi, akasema wasipigane.

"Mtacheza mchezo wa safari. Mimi nasimulia njia, ninyi ni wasafiri. Kila mmoja aseme anafanya nini, arushe dadu, nami nitasema limempata lipi. Atakayefika kileleni kwanza, pango ni lake."

"Kanuni zake ni zipi, mzee?" Pimbi akauliza.

"Kanuni za nini? Mimi nipo."

Wakaketi kwenye jiwe bapa, wanyama wengine wakawazunguka kutazama. Tembo akasema, "Mbele yenu kuna mto."

"Msafiri wangu anaogelea," Pimbi akasema, akarusha. Koro, koro, koro. Sita.

"Sita ni kishindo," Tembo akasema. "Mamba ameamka. Rudi ulikotoka."

Fisi akasema naye anaogelea. Akarusha. Sita.

"Sita ni nguvu. Umevuka."

Pimbi akakuna sikio, akadhani amesikia vibaya. Zamu yake ilipofika akapata mbili.

"Mbili ni udhaifu. Maji yamekuzidi."

Fisi naye akapata mbili.

"Mbili ni kunyata. Umepita msituni, hata simba hakukusikia."

"Mzee, sielewi," Pimbi akasema. "Namba kubwa ni nzuri au mbaya?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Hali ilivyo."

Twiga akamnong'oneza Nyumbu, akamwuliza kama ameelewa. Nyumbu akasema alielewa mwanzoni. Fisi mwenyewe alicheka tu, hajui kwa nini anashinda. Mchezo ukaendelea hivyo hivyo mpaka akabakiza hatua moja afike kileleni. Pimbi alikuwa bado mtoni. Akatazama mawingu meusi, akawafikiria watoto.

Zamu yake ikafika. Akalishika dadu, hakulirusha.

"Mzee wangu, kichwa changu ni kidogo, nimechanganyikiwa. Kabla sijarusha, nieleze kitakachompata Fisi, nikubali kushindwa kwa moyo mweupe. Akipata sita?"

"Ataruka mpaka kileleni."

"Akipata moja, maskini?"

"Moja ni namba ya mfalme. Atabebwa mpaka kileleni."

Pimbi akauliza tano, nne na mbili. Kila namba Tembo akaipatia sababu ya kufika kileleni.

"Na tatu?"

"Mafiga matatu hayayumbi. Atapanda bila kuteleza, mpaka kileleni."

Pimbi akayachora yote jiweni kwa ukucha, kwaru, kwaru, kusudi asisahau. Kisha akauliza taratibu, wote wakisikia, "Haya ni maneno ya dadu, au ni upendeleo kwa Fisi?"

Tembo akatazama huku na huku. Macho yote yalikuwa kwake.

"Mimi simpendelei mtu. Ni maneno ya dadu, kwa yeyote atakayerusha."

"Kuanzia sasa?"

"Kuanzia sasa. Rusha, unatuchelewesha."

Pimbi akarusha. Tatu.

"Tatu ni upungufu," Tembo akaanza. "Msafiri wako..."

Twiga akainamisha shingo, akasoma jiweni. "Tatu ni mafiga. Anapanda bila kuteleza, mpaka kileleni."

"Lakini hiyo ilikuwa ya Fisi."

"Ulisema yeyote," Nyumbu akasema. "Hilo peke yake nimelielewa."

Fisi akauliza kama ni yeye aliyeshinda. Pimbi alikuwa ameshakimbia kuwachukua wanawe, na matone ya kwanza yalipoanguka, wote watatu walikuwa ndani, wamelala pakavu. Tembo akabaki jiweni akinyeshewa na mvua, akisoma maneno yake mwenyewe mstari kwa mstari, asione ni wapi alipokosea.

Basi wanangu, kanuni iliyowekwa wazi humlinda mdogo, na humfunga hata yule aliyeitunga.