Tairi la Tano

Mtu mmoja alikuwa na lori la matairi manne, na la tano la akiba. Jina lake Badi Hiribae, na kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo nyikani, kule ambako barabara si kitu ila nyayo za waliotangulia. Lori alilirithi kwa baba yake. Tairi la akiba lilifungwa nyuma ya chumba cha dereva, ndani ya mfuko wa turubai ambao baba huyo aliushona kwa mkono wake, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu: AKIBA HAIOZI.

Badi hakuwa mzembe. Kila alfajiri alishika nondo, akalizunguka lori, akaligonga kila tairi na kutega sikio. Lililojaa upepo huitika kwa sauti kavu, lililopungukiwa huguna. Manne aliyagonga. La tano hakuligonga, kwa kuwa lilibeba maneno ya baba yake, na maneno hayo yalimtosha. Mfuko aliufuta vumbi, na rangi ilipofifia aliipaka upya. Miaka tisa ikapita, kamba zake hazikufunguliwa.

Ukaja mwaka wa ukame. Badi akatumwa kupeleka pampu ya maji katika kijiji chenye kisima kimoja. Pampu ya zamani ilikuwa imekufa siku tano, na watu walikuwa wakikwangua unyevu mchangani. Pamoja naye alipanda Nuria, fundi wa visima, aliyezaliwa kijijini humo. Mama yake alikuwa angali huko.

Walipotoka mjini, mapaa ya bati yakiwa bado yanang'aa nyuma yao, walimkuta dereva aitwaye Guyo amekwama. Lori lake lilikuwa la aina ileile, limebeba majani makavu ya mifugo. Tairi lake la mbele lilikuwa limelala chini. Mpira wa ndani umechanika, hauzibiki, na pesa ya kununua mwingine mjini hakuwa nayo.

"Mzee wa akiba!" Guyo aliita kwa furaha. "Niazime mguu mmoja. Nitaurudisha kabla hujaanza kuchechemea."

"Mpe, Badi," alisema Nuria. "Mji upo hapo nyuma, utapata jingine."

Badi hakubishana. Alishuka, akaupiga mfuko kwa kiganja, vumbi likaruka. "Soma," alisema.

Guyo akasoma kwa sauti, akivuta herufi kama mwanafunzi siku ya kwanza. Kisha akacheka. "Haiozi kweli?"

Badi alikwisha kupanda tena na kutia gia.

Adhuhuri, katikati ya uwanda wa mawe meusi, tairi la mbele lilipasuka kwa kishindo. Ubavu wake ulichanika wote, ukaachama. Badi hakutishika. Alishuka taratibu, kama mtu aendaye kufungua sanduku lake mwenyewe. Akafungua kamba. Akavuta turubai.

Tairi lilikuwa jipya, na lilikuwa limekufa. Meno yake yote yalikuwapo, hayajagusa hata jiwe moja. Lakini joto la miaka tisa lilikuwa limepenya turubai, na mpira ulikuwa umepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Badi akalibonyeza kwa kidole gumba. Kipande kikamegeka, kikabaki mkononi mwake. Walijaribu kulijaza upepo, na upepo ukatoka kwa vinywa mia, ukipiga mluzi. Ndipo Badi akaketi juu ya mawe, akausoma mfuko ule herufi moja moja, kana kwamba ameletewa barua kwa lugha asiyoijua. Nuria naye hakumlaumu. Alisimama akitazama upande wa kijiji.

Siku ile hapakupita mtu, wala siku ya pili. Siku ya tatu walisikia lori likija polepole. Alikuwa Guyo. Alikuwa amelishindilia tairi lake majani makavu, fungu juu ya fungu, mpaka likasimama. Na kila baada ya mwendo mfupi majani yalisagika, akashuka, akashindilia mengine. Nusu ya mzigo wake ilikuwa imeliwa na tairi badala ya mbuzi.

Aliwapa maji kwanza. Kisha akaliona tairi la tano, akalizunguka, akagusa nyufa zake kwa ncha ya kidole. Safari hii hakucheka.

"Ndugu yangu," alisema, "ungekubali kunipa, ungejua kwamba huna."

Tairi la Badi lilichanika mno, halikuweza kushika majani. Wakaliacha lori lake pale, wakapakia pampu juu ya mzigo wa Guyo, wakafika kijijini siku ya nne. Kisimani madumu yalikuwa yamepangwa foleni, kila moja mahali pake, makavu. Lakini wenye madumu walikuwa wachache. Nuria akalitambua dumu la mama yake kwa kitambaa cha buluu kilichofungwa mpinini. Akaliinua. Mwanamke mmoja akamwambia kwamba familia tatu ziliondoka jana asubuhi kwa miguu kutafuta maji, na kwamba mama yake alikuwa pamoja nao.

Nuria aliliweka dumu mahali pake kwenye foleni, akachukua spana, akaanza kufunga pampu. Guyo akashindilia majani yaliyosalia, akageuza lori kufuata nyayo za walioondoka. Badi alitembea mbele ya lori lile, ameinama, akizitafuta nyayo hizo mchangani.

Nawe usikiaye, unayo huruma uliyoifunika vizuri kwa ajili ya siku iliyo kubwa kuliko leo: tairi lako la tano uliligonga lini?