Njuga za Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafuga kuku na kufagia nyua zao, aliishi Digidigi, mpiga zeze. Mwili kiganja, lakini vidole! Akipiga wimbo wake wa mavuno, kilemba chekundu kichwani na njuga miguuni, chaka-chaka-chaka, hata wagonjwa walishuka kitandani.

Basi mkewe akafariki. Digidigi akavua njuga na kilemba, akatunga wimbo wa kumlilia. Wanyama wakaguna. Mwaka uliofuata akatunga mwingine, wa mvua. Wakaguna zaidi.

"Jana kilio, leo mvua, kesho atatuimbia chumvi!" alifoka Nyati. "Huyu si Digidigi wetu."

"Ni mimi, Bwana Nyati. Moyo tu ndio umehama."

"Basi uhame nao!" alinguruma Kiboko. "Nani alikutuza ukajulikana? Si sisi? Ijumaa upige wimbo wa mavuno, la sivyo hilo zeze nitalikalia. Kracha!"

Maskini Digidigi! Uzi wa zeze lile aliusuka mkewe kwa mkono wake. Na wimbo wa mavuno walikuwa wakiuimba wawili. Kila akijaribu kuuanza peke yake, alijikuta akingoja sauti ya pili.

Akakaa jikoni, akazitazama njuga zilizotundikwa ukutani.

"Hivi hawa wanapenda nini hasa?" alijiuliza. Akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

Ijumaa uwanja ulifurika. Digidigi akaingia na kilemba chekundu na njuga zake. Chaka-chaka-chaka!

"Karudi! Jamani, karudi!" Nyati aliruka, vumbi tifu!

Digidigi akapiga zeze. Lakini hakupiga wimbo wa mavuno, wanangu. Alipiga ule wa kumlilia mkewe, ule ule walioukataa, neno kwa neno:

"Nimebaki na sahani moja, nani atanipakulia?"

"Hapo hapo, ongeza!" Kiboko alikata kiuno, puu! puu! "Nilisema mimi! Nyimbo za zamani hazina mfano!"

Digidigi alikuwa amewaweza. Zeze lake limepona, na wakubwa wanacheza msiba kama arusi. Ila moyoni alitumaini kwamba japo mmoja angesimama, amwambie, "Ndugu yangu, pole." Alitazama huku, akatazama kule. Hakuna aliyesimama. Machozi yakamtiririka.

"Mwoneni anavyotoka jasho!" Nyati alishangilia. "Piga, bingwa, piga!"

Akapiga mpaka mwisho, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Digidigi ana alama nyeusi chini ya macho, pale machozi yalipopita, na akisikia kishindo cha wakubwa huingia kichakani asionekane.

Mpenda kilemba hasikii wimbo.