Jiwe la Kuuliza

Paukwa!

Pakawa!

Nimebeba neno mgongoni, nami sina pa kulitua.

Litue kwetu!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji, na kando ya kijiji palikuwa na mto. Mto ule ulijaa mawe makali kama meno ya fisi. Mtumbwi haukupita. Daraja halikusimama. Maji yalisema sho-o-o, sho-o-o, mchana na usiku.

Mtu akitaka kwenda ng'ambo alibebwa mgongoni. Na mbebaji alikuwa mmoja tu, Mzee Shigela. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mipini ya jembe, lakini iliyajua mawe. Pwata, pwata, pwata. Malipo yake konzi ya mtama.

Katikati ya mto palikuwa na jiwe pana, limetokeza juu ya maji. Watu waliliita Jiwe la Kuuliza. Hapo Mzee Shigela alisimama, akavuta pumzi, akauliza kama walivyouliza wabebaji wote waliomtangulia:

"Nikuvushe au nikurudishe?"

Ukisema nivushe, anakuvusha. Ukisema nirudishe, anakurudisha, wala haulizi kwa nini. Lakini mto ule ulikuwa na mwiko. Ukirudishwa mara tatu, basi, ng'ambo imefungwa kwako mpaka kufa. Ukikanyaga mchanga wake, mto utakufuata ukumeze, wewe pamoja na aliyekubeba.

Kijijini hapo alikuwako msichana mfinyanzi, jina lake Nyanjige. Vyungu vyake vilipendeza machoni, lakini vikiinjikwa motoni, pa! Vinapasuka. Akachanganya udongo na mchanga. Pa! Akachanganya na majivu. Pa! Kisha akasikia kwamba nyuma ya kilima cha ng'ambo kuna wafinyanzi ambao vyungu vyao haviujui ufa. Tangu siku hiyo usingizi ukamhama.

"Tosheka, mwanangu," mama yake akamwambia. "Mfinyanzi hulia gaeni. Ndivyo dunia ilivyo."

"Mama, huko hawalii gaeni."

"Nani kakuambia?"

"Watu."

"Watu!" akadakia shangazi yake, Ng'washi, mwanamke mwenye ulimi kama wembe. "Mtazame Mzee Shigela. Kila siku anafika ng'ambo, anamtua mtu kwenye jiwe la mwisho, anageuka. Hajakanyaga mchanga wa wenyewe hata siku moja. Ametosheka! Wewe una nini cha kumshinda? Magoti?"

Kijiji kizima kilisema hivyo hivyo. Mtoto akililia kipande cha pili cha nyama, aliambiwa, "Tosheka kama Shigela." Mke akitamani ushanga wa jirani, "Tosheka kama Shigela."

Nyanjige akaenda mtoni. Pwata, pwata, mpaka kwenye jiwe. Mama yake akaangua kilio ukingoni, uwi, uwi! Nyanjige akasema, "Nirudishe, babu." Akarudishwa.

Mwaka uliofuata akaenda tena. Safari hii hakuna aliyelia. Lakini alipokitazama kilima, akakiona kimekuwa kikubwa, na moyo ukampiga ndi, ndi, ndi. "Nirudishe, babu." Akarudishwa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ikabaki mara moja. Siku hiyo kijiji kizima kikateremka ukingoni kama kinakwenda ngomani. Shangazi Ng'washi alikuja na kigoda chake kabisa, akaketi mbele.

Pwata, pwata, pwata.

"Babu," akaita Nyanjige mgongoni.

"Naam, mjukuu wangu."

"Nimechoka."

"Tangu lini kubebwa kukachosha?"

"Kutamani ndiko kunakochosha. Babu, nifundishe kutosheka kwako. Ukinifundisha, nitasema nirudishe, nikalale usingizi kama watu."

Mzee akasimama hapo hapo, katikati ya maji.

"Nani alikuambia nimetosheka?"

Nyanjige alidhani ni maji yaliyosema. "Nini, babu?"

"Nimeuliza, nani?"

"Kijiji kizima!"

"Kijiji hakikuniuliza." Akapiga hatua, pwata. "Nilikuwa kijana kama wewe. Nilitaka kukiona kilicho nyuma ya kilima kile. Kukiona tu. Nikabebwa mara tatu, na mara tatu nikasema nirudishe. Mara ya kwanza niliogopa maji. Ya pili niliogopa watu. Ya tatu, mjukuu wangu, nimesahau niliogopa nini. Hiyo ndiyo inayoniuma. Rika langu wamekufa, na aliyenibeba amekufa. Waliobaki waliniona nimekaa, wakasema nimetosheka. Sikuwakatalia. Ni jina zuri."

Nyanjige akapigwa na bumbuwazi. Nusura aanguke, chubwi! Chungu kile ambacho kijiji kizima kilikisifu, kumbe kina ufa!

Wakafika kwenye jiwe. Mzee akavuta pumzi.

"Nikuvushe au nikurudishe?"

"Nishushe."

"Nini?"

"Nishushe, babu."

Akamshusha. Nyanjige akasimama juu ya jiwe, akageuka, akainama.

"Panda."

"Una wazimu, mjukuu wangu? Kwangu ng'ambo imefungwa! Mto utatumeza sote wawili!"

"Labda. Mimi sijui. Lakini umewauliza watu swali hili maisha yako yote. Leo nakuuliza mimi. Nikuvushe au nikurudishe?"

Ukingoni watu walikwisha simama. "Anafanya nini yule?" "Ameinama!" "Lo! Lo! Lo!" Shangazi Ng'washi akaruka, kigoda kikapinduka, puu!

Mzee Shigela akautazama ukingo aliotoka. Akautazama mchanga wa ng'ambo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aombaye maji:

"Nivushe."

Nyanjige hakuyajua mawe. Mzee akamnong'oneza sikioni, "Kulia. Sasa kushoto. Hilo linateleza, liruke." Pwata, pwata, pwata. Jiwe la mwisho. Wakalipita. Akamtua mchangani.

Wengine wakafumba macho. Wengine wakakimbia mpaka mashambani. Na mto ukafanya nini?

Mto ukasema sho-o-o.

Basi. Ulisema sho-o-o kama jana, kama juzi.

Watu waliobaki wakatazamana, midomo wazi. Mzee na msichana wakapanda kilima, wakawa wadogo, wakapotea.

Siku zikapita, hawakurudi. "Mto umewafuata," watu wakasema. Wakaweka matanga. Wanawake wakiwa wanapika uji wa msiba, wakasikia mtoni pwata, pwata, pwata. Tazama! Mzee Shigela huyo, peke yake, maji yanamchuruzika.

"Mzimu!" Upawa ukaanguka. Sufuria zilikuwa hazijazaliwa. Vyungu ndivyo vilivyopinduka.

"Mzimu gani ana njaa kama hii?" akasema. "Nipeni uji."

Mama yake Nyanjige akamshika mikono. "Mwanangu yuko wapi?"

"Anakanyaga udongo pamoja na wafinyanzi wa huko. Amesema mwaka huu msimngoje."

"Na wewe ulikiona kilicho nyuma ya kilima?" akauliza Ng'washi.

"Nilikiona."

"Kuna nini?"

"Kilima kingine. Kuna mbuzi, kuna mtama, kuna wake wenza wanagombana." Akamtazama. "Na mashangazi wapo."

"Ndiyo hayo tu? Ukayavuka maji kwa hayo?"

"Nimeyavuka, na nimerudi. Hakuna aliyenibeba kunirudisha, nimekuja kwa miguu yangu." Akaketi kando ya moto, akanyoosha miguu yake myembamba. "Sasa nimetosheka."

Na Nyanjige je, alirudi? Alirudi, na chungu kichwani. Wakakiinjika motoni. Mama yake akaziba masikio, kijiji kizima kikazuia pumzi, wakaingoja ile pa!

Wanaingoja mpaka leo.

Enyi mliokaa, sikieni: aliyeketi kwa hofu hajatosheka, amefungwa tu. Ametosheka yule aliyeulizwa, akajibu kwa moyo wake mwenyewe, iwe kwenda, iwe kurudi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye jiwe la mwisho. Shukeni taratibu, mawe yanateleza.